Injini ya RPM kubwa na giaboksi yake: maswali yanayoulizwa kila siku na wadau wa Dodoma

Wakuu, haya ni maswali yanayorudi kila wiki toka kwa wenye RunX, Altezza, Corolla na wengine wanaotaka injini inayovuta mpaka RPM 8000 (RPM ni mizunguko ya injini kwa dakika). Yameanza ya msingi, yale ya kuumiza kichwa yako chini. Kama jibu lipo swali jingine nimekutuma huko, nenda kasome.

## Ya msingi

1. Injini ya RPM kubwa ni ipi hasa?

Injini nyingi tunazoendesha kila siku, 1NZ ya IST au 5A ya Corolla, zinaishiwa pumzi kwenye 6000 hivi, ukiendelea kukanyaga inalia tu mwendo hauongezeki. Injini ya RPM kubwa ni ile inayoendelea kuvuta kule juu kwa sababu ilitengenezwa ipumue huko. 4A-GE ya valvu 20 ile ya kava jeusi inatoa PS 165 (nguvu za farasi) kwenye 7800. 2ZZ-GE inatoa PS 190 kwenye 7600, 3S-GE ya Altezza RS200 ya gia za mkono PS 210 kwenye 7600, na Honda F20C ya S2000 ya kwanza PS 250 kwenye 8300 na mstari wake mwekundu uko 9000. Zote hizo hazina tabo (turbo).

2. Kwanini nihangaike na RPM badala ya kuweka injini kubwa tu?

Nguvu ni toki (msukumo wa kuzungusha krenki) mara mizunguko. Toki ya Nm 150 kwenye 5000 ni kama kilowati 79, Nm 150 zile zile kwenye 8000 ni kilowati 126. Hujaongeza CC hata moja. Alafu kuna faida ya pili ambayo watu wengi hawaioni, injini inayofika 8000 unaweza kuifungia gia fupi zaidi kwa mwendo ule ule, na gia fupi, yaani ya uwiano mkubwa, inazidisha toki inayofika kwenye tairi. Kwahiyo ukiwa na injini ya 8000 ukaacha gia za gari ya 6000 umelipa hela ya vitu viwili ukachukua kimoja. Nusu ya ukurasa huu ni gia kwa sababu hiyo.

Injini kubwa nayo ni njia halali kabisa. Ila inaongeza uzito mbele, na kwenye gari ndogo uzito huo unausikia kila kona.

3. Si naweza tu kutoa limita (kinachozuia RPM isizidi) kwenye kontroboksi, ile kompyuta ya injini?

Unaweza, na hutapata kitu. Kama kamshafti (shafti inayofungua valvu) na njia za hewa zimeishia 6200, kuizungusha 7500 ni kuichosha bure, nguvu inashuka huku mzigo kwenye konrodi, chuma kinachounganisha pistoni na krenki, unapanda. Limita inasogezwa mwisho kabisa, baada ya springi, bolti na oili kuwa sawa.

4. Nianze na injini gani?

Angalia vipimo viwili, kipenyo cha silinda na safari ya pistoni. Kipenyo kikubwa kinakupa nafasi ya valvu kubwa, safari fupi inapunguza mwendo wa pistoni. Mwendo wa wastani wa pistoni unaupata hivi: safari kwa mita, mara 2, mara RPM, gawa kwa 60.

4A-GE ni milimita 81 kwa 77, ukiizungusha 8000 pistoni inakwenda mita 20.5 kwa sekunde, hapo uko salama. 2ZZ ni 82 kwa 85, kwenye 8000 ni mita 22.7. 1ZZ ya baadhi ya RunX ni 79 kwa 91.5, kwenye 8000 ile ile unafika mita 24.4 kwa vyuma ambavyo havikutengenezwa kwa kazi hiyo. Utasema mbona F20C kwenye 9000 inagonga mita 25.2? Ndiyo, ila Honda waliijenga toka chini iwe hivyo, pistoni na konrodi za kufuliwa.

Kwa bajeti ya kawaida na Corolla 110 au Carina Ti, ushauri wangu ni 4A-GE ya valvu 20, inatoka familia moja na 5A na 7A kwahiyo haikusumbui sana kuingia. Usijaribu kuigeuza 5A-FE yenyewe, hedi yake valvu zimelala karibu karibu na kamshafti moja inaizungusha nyingine kwa gia, imetengenezwa kwa ajili ya kubana mafuta.

## Ndani ya injini

5. Kitu gani kinakufa kwanza RPM ikipanda?

Bolti za konrodi. Nguvu inayoivuta konrodi pistoni inapogeuka juu inapanda kwa mraba wa RPM. Toka 6000 kwenda 8000 RPM imeongezeka theluthi moja tu lakini mvuto umeongezeka asilimia 78. Na unakuwa mbaya zaidi juu kule mwisho wa kutoa moshi, hakuna mlipuko wa kuisukuma pistoni irudi, bolti peke yake ndiyo inaizuia isiondoke. Ikikatika, konrodi inatoboa bloku na hakuna cha kuokota.

Kwahiyo bolti mpya, sio za mtumba, sio zile zile ulizofungua. Pima urefu wa kila bolti kabla ya kufunga, uandike. Siku ukifungua tena pima, iliyorefuka tupa. Na ukibadilisha bolti peleka konrodi zikachongwe tundu la chini upya, bolti mpya inabana tofauti na ya zamani na tundu linaweza kutoka kwenye duara. Fundi akikwambia hiyo sio lazima, tafuta fundi mwingine.

6. Kamshafti kali naweka ya ukubwa gani?

Anza na swali la gari inaenda wapi. Kamshafti kali inaweka valvu wazi muda mrefu, huko juu inasaidia hewa kuingia, huku chini inarudisha hewa nje. Sailensa inatikisika, toki ya 2000 inapungua, na breki inaweza kuwa ngumu sababu buta (kisaidizi cha breki) linategemea mvuto wa injini. Gari ya kutoka Nzuguni kwenda mjini kila asubuhi na foleni za saa mbili, weka ya wastani. Kubwa sana bila kompresheni (silinda inavyobana hewa) kupanda na gia kubadilika unapata gari nzito chini na isiyofika juu.

7. Springi za valvu nibadilishe? Na nitajuaje valvu haitagonga pistoni?

Springi lazima. Ikizidiwa, valvu inaelea, haifuati tena kamshafti, nguvu inakatika ghafla alafu siku moja inakutana na pistoni. Ila springi ngumu kupita kiasi nayo inakula kamshafti, chukua zile zilizopangwa na kamshafti yako na uhakikishe kamshafti ikiwa imeibonyeza mwisho koili hazigusani.

Kupima nafasi ya valvu na pistoni kunataka utulivu tu. Chukua plastisini ya watoto, bandika kwenye kichwa cha pistoni sehemu za valvu, paka oili kidogo juu ili isigande kwenye valvu. Funga hedi na gasketi ya zamani, funga taimingi kamili, zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili taratibu. Ukisikia inakataa, simama hapo hapo. Fungua hedi, kata plastisini katikati kwa wembe, pima unene sehemu nyembamba kabisa. Valvu ya kuingiza usikubali chini ya milimita 2, ya kutoa moshi milimita 2.5 maana hiyo inapata moto na kurefuka. Sehemu ya hatari haiko pistoni ikiwa juu kabisa, iko digrii kama 10 kabla na baada, kwahiyo kuweka pistoni juu na kuchungulia kwa tochi sio kupima.

8. Oili gani, na presha iwe ngapi?

Kanuni ya zamani ya mafundi bado inafaa, psi 10 kwa kila RPM 1000 injini ikiwa ya moto. Unazungusha 8000, tafuta 80 au karibu na hapo. Weka geji ya kweli, taa ya dashibodi inawaka wakati mambo yameshaharibika. Kwa joto letu la Oktoba na Novemba 5W-40 au 10W-40 nzuri inafaa kwa injini ya kukanyagwa. Na usitembee oili ikiwa chini ya mstari wa juu wa kijiti. Sampo (bakuli la oili chini ya injini) ikiwa haina vizuizi ndani, kwenye kona ndefu oili inakimbilia upande mmoja pampu inavuta hewa, sekunde chache tu kwenye 7500 beringi zimekwisha na injini imenoki.

9. Nimepata 2ZZ ya mtumba, niangalie nini?

Vitu vitatu. Kwanza bolti za rokashafti zile za matoleo ya mwanzo, zilikuwa zinakatika na ile nundu kubwa ya kamshafti inayofanya kazi RPM za juu inaacha kufanya kazi, weka mpya zilizoboreshwa. Pili gia za pampu ya oili, zinaweza kupasuka ukiizungusha kupita kipimo. Tatu silinda, kuta zake ni alumini iliyochanganywa na vitu vigumu, haichongwi ovasaizi kwenye karakana ya kawaida kama bloku ya chuma. Ikikwaruzika unaingia gharama ya slivu (kuta mpya za silinda), kwahiyo chungulia kwa kamera ya tundu la plagi kabla ya kutoa hela, iwe Gerezani au popote.

## Hewa, mafuta na kontroboksi

10. Ni kweli Dodoma gari inapungua nguvu?

Kweli. Mji uko mita 1100 na ushee juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, injini isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 10 mpaka 12. 2ZZ yako ya PS 190 hapa inafanya kazi kama ya 168 hivi. Kwahiyo usilinganishe na video ya mtu wa pwani ukadhani fundi kakuibia. Hii ndiyo sababu nyingine ya kupenda gia fupi huku, zinarudisha sehemu ya kile hewa imechukua.

11. Nozeli za kiwanda zinatosha?

Mara nyingi kwa injini ya kiwanda isiyobadilishwa sana, ndiyo. Lakini fahamu muda unavyopungua: kwenye 6000 mzunguko mzima wa kazi wa silinda ni milisekunde 20, kwenye 8000 ni 15. Nozeli ikiwa wazi zaidi ya asilimia 85 ya muda huo haina akiba tena, badilisha. Na plagi koili nazo muda wa kuchaji unapungua, ukisikia inakatakata juu ya 7000 tu angalia hapo kabla hujalaumu mafuta.

12. Nimesetiwa mepu (jedwali la mafuta na taimingi kwenye kontroboksi) nikiwa Dodoma, nikishuka Dar kuna shida?

Inategemea kontroboksi inasomaje hewa, na hili swali naomba mlisome vizuri maana linaua injini. Kama kuna sensa ya presha ya hewa au sensa ya kupima hewa inayoingia, yenyewe itaona Dar hewa ni nzito na itaongeza mafuta. Lakini wengi wenye throto nne, moja kwa kila silinda, wanasetiwa kwa kuangalia throto imefunguka kiasi gani na RPM basi. Mepu hiyo haijui umeshuka mita 1100. Ukifika Morogoro hewa imeongezeka, Dar imeongezeka zaidi, mafuta ni yale yale ya Dodoma, injini inakonda (hewa nyingi mafuta kidogo), pistoni inayeyuka. Lazima iwekwe fidia ya presha ya nje.

Kitu kingine, kompresheni ya 11.5 ambayo huku imetulia kabisa inaweza kuanza kugonga (mafuta kulipuka vibaya ndani ya silinda) Dar kwa mafuta yale yale, kwa sababu silinda sasa inajaa hewa zaidi. Mwambie anayekuseti arudishe taimingi digrii chache kwenye mzigo mkubwa, au shuka ukamalizie kuseti huko huko chini.

13. Filta ya wazi ile ya koni inafaa?

Kwa vumbi letu, hapana. Ukitoka lami kidogo tu kiangazi, iwe Mpunguzi au vijijini Bahi, ile filta inameza vumbi laini linalopita na kukwangua ringi, na ikikaa nyuma ya rejeta inavuta hewa ya moto. Boksi la kiwanda lililofungwa vizuri, bomba pana linalochukua hewa ya baridi mbele, filta ya karatasi inayobadilishwa mara kwa mara. Haipendezi kwenye picha ila injini inadumu.

## Giaboksi, klachi na difu

14. Nimeweka injini kali, mbona gari imekuwa nzito?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote humu. Injini ya RPM kubwa ina eneo lake la kuvuta, tuseme 6000 mpaka 8000. Gia ikihama na RPM ikaangukia 4800, uko nje ya eneo, unasubiri ipande tena. Gari inavuta, inalala, inavuta, inalala.

Kuanguka huko unakupigia hesabu rahisi, gawa uwiano wa gia unayokwenda kwa uwiano wa unayotoka, zidisha na RPM. Boksi ya gia 5 yenye uwiano wa 3.166 ya kwanza na 1.904 ya pili, ukihama 8000 unaangukia 4810. Boksi ya gia 6 ya C60 iliyokuja na 2ZZ ina 3.166, 2.050, 1.481, 1.166, 0.916 na 0.725, ya kwanza kwenda ya pili unaangukia 5180, ya pili kwenda ya tatu 5780, ya tatu kwenda ya nne 6300. Ona zinavyokaribiana kadiri unavyopanda. Hata hivyo nundu kubwa ya kamshafti ya 2ZZ inaamka kwenye 6200 hivi, maana yake hata kwa boksi yake mwenyewe ukihama 8000 gia ya pili na ya tatu zinaanzia chini ya hapo, na ukihama mapema unaangukia mbali zaidi. Wenye RunX wanaolalamika injini "haina kitu" wengi wanahama 6500.

15. Nitajuaje kila gia itafika mwendo gani?

RPM mara mzingo wa tairi kwa mita, mara 0.06, gawa kwa uwiano wa gia mara uwiano wa difu (gia ya mwisho kabla ya tairi). Tairi 195/60R15 mzingo wake ni kama mita 1.93. C60 yenye difu 4.529, gia ya pili kwenye 8000 inakupa kilomita 100 kwa saa. Piga kwa gia zote, andika kwenye karatasi, ndiyo uende kununua.

16. Difu fupi au ndefu, na mimi naenda Dar kila mwezi?

Difu fupi inaamsha gari, hasa kwa hewa yetu ya swali la 10. Bei yake unalipa barabarani. Gia ya tano ya 0.815 na difu 4.312, kilomita 100 ni RPM 3030. Ukiweka difu 4.9 inakuwa 3440, masaa yote mpaka Dar, kelele na mafuta. Gia ya sita ya C60 kwenye mwendo huo ni 2830 tu. Kwahiyo kama unasafiri, hela ya difu fupi iweke kwenye boksi ya gia 6, unapata ufupi chini na utulivu juu. Kama gari ni ya mashindano peke yake, funga fupi bila kuwaza.

17. Nikibadilisha saizi ya tairi inaathiri?

Ndiyo. 195/65R15 badala ya 195/60R15 imerefusha gia zako zote kwa asilimia 3 hivi. Rudia hesabu ya swali la 15.

18. Klachi na flaiwili je?

Toki ya injini hizi sio kubwa, kwahiyo sio lazima klachi ngumu ya kuumiza mguu. Tatizo ni mzunguko. Usichukue flaiwili ya chuma cha kumimina ukaipeleka tena ikachongwe nyembamba, kwenye 8000 inaweza kupasuka vipande, na vipande vyake vinapita kwenye bodi na miguu ya dereva. Nunua ya chuma cha kufuliwa yenye uzito mdogo. Alafu krenki, puli, flaiwili na presha pleti vibalansiwe pamoja.

Kingine, kukosea gia. Uko ya tatu 8000, unataka ya nne mkono ukaingia ya pili. Kwa C60 injini inalazimishwa 11,000. Limita haisaidii hapo kwa sababu ni tairi ndiyo inaizungusha injini. Badilisha bushi za lever ya gia na maunting zilizochoka kabla hujaanza kuhama gia kwa haraka.

19. Altezza na Mark II, propela inahusika?

Inahusika sana. Gia ya moja kwa moja propela inazunguka sawa na injini, kwenye gia ya juu zaidi inazunguka kupita injini. Balansi propela, badilisha jointi na bearing ya kati ikiwa imelegea. Na hakikisha Altezza yako ni RS200, AS200 ina 1G-FE na hiyo haitaki habari za 8000.

## Ya pembeni

20. Gari yangu ni otomatiki, naweza?

Injini itakubali, boksi itahama mapema na konveta (inayounganisha injini na boksi kwa oili) itakula ulichokijenga. Badilisha kwenda gia za mkono kwanza.

21. Na 1NZ ya IST?

Safari yake ya 84.7 sio mbaya sana, ila kipenyo cha 75 hakina nafasi ya valvu kubwa, itakuwa kama kunywa uji kwa mrija. Hela hiyo hiyo inakununulia injini iliyozaliwa na kazi hii.

22. Dizeli?

Hapana. Inaungua taratibu na vyuma vyake ni vizito.

23. Niitestie wapi?

Sio barabara ya Morogoro. Kuna mabasi, malori, ng'ombe, vibao vya 50 kila kijiji na trafiki wa tochi, na gia ya pili peke yake inakupitisha mara mbili ya hiyo 50. Seti kwenye mashine ya dainamomita ukiipata, kukanyaga fanya kwenye mashindano yaliyo chini ya chama cha magari cha AAT.

24. Nikibadilisha injini kadi ya gari inakuwaje?

Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi. Nenda TRA ukabadilishe taarifa, ukiwa na karatasi za manunuzi za injini mpya, na mwambie wa bima pia. Kwahiyo siku unanunua injini ya mtumba dai risiti na usome namba kwenye bloku mwenyewe, ikiwa imesuguliwa iache hapo hapo.